Dawa na Dua: Cha Kushika na cha Kuacha Katika Hekima ya Wahindi

Familia yenye mgonjwa wa akili haikosi washauri. Huyu atasema mpelekeni India, huko kuna mabingwa. Yule atasema achaneni na vidonge, mtafutieni mwalimu wa yoga. Wa tatu ana kopo la unga wa mizizi lililoletwa na jamaa kutoka Gujarat, na wa nne amesikia habari za kaburi la walii ambako watu hulala wakiwa na mashetani wakaamka wazima. Wote wanasema kwa mapenzi. Mzigo wa kuchagua unabaki kwa mama, mume au kaka anayekesha na mgonjwa.

Makala haya ni ya huyo anayechagua, na ya mgonjwa mwenyewe anayetaka kujua la kufanya. Msimamo wangu nautaja mapema. India ina hekima kongwe ya kumtuliza binadamu, na ina hospitali za magonjwa ya akili zenye uzoefu mkubwa. Wagonjwa wake wamefaidika pale viwili hivyo vilipokaa pamoja, wakaumia pale kimoja kilipomfukuza mwenzake. Kwa hiyo lolote utakaloletewa kwa jina la hekima ya kale, lipime kwa hilo: je, linakaa pamoja na matibabu, au linataka matibabu yaondoke?

Vitabu vya kale havikukataa dawa

Wapo wanaodai kuwa Ayurveda, tiba asilia ya Wahindi, hutibu akili kwa ibada na mitishamba tu. Wenye vitabu hawakusema hivyo. Charaka Samhita, mojawapo ya vitabu vya msingi vya tiba hiyo, kinaeleza wazimu kama ugonjwa wenye aina zake na dalili zake, na kinagawa matibabu katika mafungu matatu. La kwanza ni mantra na ibada. La pili ni chakula na dawa vinavyotolewa kwa kupima hali ya mgonjwa. La tatu ni kuifundisha akili yenyewe ijizuie na yanayoidhuru. Mganga wa zama hizo alitarajiwa kuyajua yote matatu. Anayekuambia leo utupe dawa kwa sababu wazee walitosheka na dua anawasingizia wazee.

Jambo jingine ambalo Ayurveda ililikazia ni mpangilio wa siku: saa ya kuamka, kuoga, kula, kufanya kazi na kulala. Hapa madaktari wa leo wanakubaliana nayo. Mtu mwenye ugonjwa wa bipola, ambaye mara hupaa kwa furaha na nguvu zisizo za kawaida na mara huzama katika huzuni, anaweza kuvurugika kwa kukosa usingizi siku chache tu. Kwa hiyo anza na hilo, halina gharama. Weka saa ile ile ya kulala na saa ile ile ya kuamka, siku za kazi na za mapumziko. Arusi, misiba na safari za usiku zipangwe kwa kufikiria usingizi wa mgonjwa. Andika katika daftari amelala saa ngapi, amekula nini, ameongea na nani, amemeza dawa au hakumeza. Siku ya kliniki mpe daktari daftari hilo. Atajifunza humo mengi kuliko kwa jibu la "hajambo kidogo".

Rafiki anayesikiliza

Katika Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, shujaa Arjuna amesimama katika gari lake la vita kwenye uwanja wa Kurukshetra. Upande wa pili anawaona babu zake, walimu wake na binamu zake. Viungo vinalegea, mdomo unakauka, mwili unatetemeka, ngozi inawaka kama moto, upinde unamponyoka mkononi. Anaketi, anasema hapigani. Aliyepata kuvamiwa na hofu kuu anaitambua hali hiyo bila kuelezwa na daktari.

Anayemsaidia ni Krishna, mwendesha gari lake. Anamsikia, anamjibu, anaulizwa tena, anajibu tena, na mazungumzo hayo yanajaza sura 18. Baada ya yote, Krishna anamwambia ayatafakari aliyoyasikia kisha afanye anavyoona mwenyewe. Madaktari wa akili wa India wamekitazama kisa hiki kwa miaka mingi kama mfano wa tiba ya mazungumzo.

Mmoja wa waliolifikiria jambo hili kwa kina ni Jaswant Singh Neki, daktari wa akili na mshairi wa Kipunjabi. Mwaka 1973 aliandika kuwa uhusiano wa guru na mwanafunzi wake unaweza kumfaa mgonjwa wa Kihindi kuliko ule wa mtaalamu wa Kimagharibi anayekaa kando akisubiri mgonjwa ajitafutie majibu. Mgonjwa wake alitaka mtu wa kumwongoza, aliye karibu naye kama mlezi. Miaka ya 1980 Neki alifanya kazi Dar es Salaam, na pamoja na wenzake wa hapo, wakiwemo madaktari Kilonzo na Hauli, akaandika kuhusu imani ya uchawi na tiba ya mazungumzo. Swali lao linatuhusu moja kwa moja: mtaalamu afanyeje mgonjwa anapokuja akiamini amerogwa?

Ushauri wangu ni huu. Unapokwenda kwa mshauri nasaha au mwanasaikolojia, mweleze tangu siku ya kwanza unaamini nini kimekusibu, hata kama unaona haya: jicho, laana, jini, mkosi. Mweleze pia kama unataka akuelekeze waziwazi au akusikilize tu. Mtaalamu mzuri hatakucheka, na hatahitaji kukubaliana nawe ndipo akusaidie. Na ukimfuata guru, shehe, mchungaji au mwalimu yeyote wa kiroho, mpime kwa lile la Krishna: mwisho wa maneno yake anakuachia uamuzi? Anayekukataza kuuliza, anayekutenga na ndugu zako, anayetaka fedha zisizokwisha au mwili wako, huyo ondoka kwake siku hiyo hiyo.

Tenda kidogo, usisubiri moyo upende

Fundisho mashuhuri la Gita ni kutenda lililo wajibu wako bila kung'ang'ania matunda yake. Kwa mwenye sonona hilo lina manufaa ya pekee. Sonona humnyang'anya mtu hamu, naye husubiri hamu irudi ndipo aamke kitandani. Hairudi kwa kusubiriwa.

Katika jimbo la Goa, shirika la Sangath lililoanzishwa mwaka 1996 liliwafunza watu wa kawaida, wasio madaktari, kuwasaidia wagonjwa wa sonona kwenye vituo vya afya. Msingi wa kazi yao ulikuwa kumrudisha mgonjwa kwenye shughuli, hatua kwa hatua, katika vikao sita hadi vinane. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 katika jarida la Lancet yalionyesha kuwa waliopata msaada huo walipata nafuu zaidi ya waliopata huduma ya kawaida ya kituo peke yake. Mzizi wa mbinu hiyo ni saikolojia ya kisasa, hawakuitoa kwenye Gita. Lakini anayeijua Gita hataiona ngeni.

Unaweza kuianza nyumbani. Kaa na mgonjwa, andikeni mambo matatu ya kesho, madogo kiasi kwamba hata siku mbaya yanawezekana. Kwa mfano: saa moja asubuhi kunawa uso na kuketi barazani kwa dakika kumi, saa nne kwenda na kurudi dukani, jioni kumpigia dada simu. Kila jambo liwe na saa yake. Kesho yake ulizeni swali moja tu: limefanyika? Msiulize limempendeza. Likifanyika, wekeni alama. Likishindikana, lipunguzeni: badala ya dukani, hadi langoni. Usimwambie "jikaze". Mwambie "twende wote".

Yoga ni ya kuongeza

Bengaluru ndiko iliko NIMHANS, taasisi kuu ya India ya afya ya akili na mishipa ya fahamu, iliyoundwa mwaka 1974. Watafiti wake wameichunguza yoga kwa miaka mingi. Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2007, wagonjwa wa skizofrenia, ugonjwa unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo au aamini yasiyo kweli, waligawanywa makundi mawili: moja lilifundishwa yoga, la pili mazoezi ya kawaida ya viungo. Baada ya miezi minne, kundi la yoga lilikuwa na nafuu kubwa zaidi katika dalili na katika kumudu maisha. Msomaji naomba ashike sehemu inayorukwa watu wanapousimulia utafiti kama huu: wagonjwa wote walikuwa wanaendelea na dawa zao. Yoga iliongezwa juu ya dawa.

Kwa hiyo, ukitaka kuanza, subiri hali ya mgonjwa itulie kwanza. Mweleze mwalimu ugonjwa wake na dawa anazotumia. Anza na kunyoosha viungo na kupumua taratibu: keti wima, vuta pumzi kwa pua, itoe polepole kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, dakika tano zinatosha. Kizunguzungu kikija, acha, pumua kawaida. Mazoezi ya kupumua kwa kasi na kwa nguvu ayaache mwenye kifafa, mwenye shinikizo la damu, mjamzito, na yeyote aliye katika kipindi cha kupaa kwa bipola.

Tafakuri ya muda mrefu nayo ina watu wake. Kuna kozi za kimya za siku 10 za Vipassana, zilizoenezwa duniani na S. N. Goenka. Waandaaji wenyewe huwaonya wenye magonjwa mazito ya akili wasijiunge. Mtu anayesikia sauti akiachwa na ukimya kutwa kucha anaweza kuzidiwa. Tafakuri fupi, akiwa na mtu wa kumwangalia, baada ya daktari kukubali, inamtosha.

Mtishamba ni dawa, uheshimu kama dawa

Mmea wa sarpagandha umetumiwa na waganga wa India tangu zamani, na wazimu ni miongoni mwa magonjwa waliyoutibu kwa mzizi wake. Mwaka 1931 madaktari wawili wa India, Gananath Sen na Kartick Chandra Bose, waliandika kuwa ulishusha shinikizo la damu na kutuliza wagonjwa wa akili. Mwaka 1952 wanakemia wa Uswisi walipata ndani yake kiini kilichopewa jina la reserpini, na mwaka 1954 Nathan Kline wa New York akachapisha matokeo ya kuwatibu kwacho wagonjwa wa hospitali ya akili. Waganga wa kale walikuwa wameshika kitu cha kweli. Lakini baadaye ilionekana kuwa reserpini inaweza kushusha shinikizo la damu kupita kiasi, na baadhi ya watumiaji waliingiwa na huzuni nzito. Dawa nyingine zikachukua nafasi yake.

Kisa hicho kinajibu pande zote mbili. Anayedharau mizizi ya Wahindi ajue kuwa mmoja wao ulisaidia kufungua njia ya dawa za kisasa za akili. Anayesema "ni majani tu, hayana madhara" ajue kuwa kinachoweza kutibu kinaweza pia kudhuru.

Kuna hatari ya pili, nayo ni ya kiwandani. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walipima dawa 70 za Ayurveda zilizonunuliwa kwenye maduka ya eneo la Boston. 14 kati ya hizo zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Kwa hiyo kabla mgonjwa hajalamba unga wowote, peleka kopo lenyewe, pamoja na kibandiko chake, kwa daktari au mfamasia. Kisichoandikwa kilichomo, usikitumie. Ashwagandha, inayouzwa sana kama dawa ya usingizi na wasiwasi, inaweza kuongeza usingizi kwa anayemeza vidonge vya kutuliza, na watu wachache imewadhuru ini. Na bhang, kinywaji cha bangi kinachonywewa India katika baadhi ya sikukuu, isimkaribie kabisa aliyewahi kuchanganyikiwa, wala kijana ambaye ndugu yake ana skizofrenia.

Makaburi, mahekalu na minyororo

Alfajiri ya tarehe 6 Agosti 2001, moto uliteketeza nyumba ya kutunzia wagonjwa wa akili huko Erwadi, Tamil Nadu, karibu na kaburi la walii linalotembelewa na watu wa dini zote. Wagonjwa walikuwa wamefungwa minyororo. Hawakuweza kukimbia, na 28 wakafa. Jamaa zao waliwapeleka kwa matumaini ya uponyaji.

Mwaka uliofuata, jarida la BMJ lilichapisha uchunguzi wa mahali pa aina nyingine kabisa, hekalu dogo kusini mwa India ambako wagonjwa walikaa bure pamoja na ndugu mmoja. Asubuhi kulikuwa na ibada fupi. Mchana mgonjwa alifagia, alimwagilia maua. Hakufungwa, hakupigwa. Watafiti waliwafuatilia watu 31 waliokaa hapo kwa wastani wa wiki sita. Kipimo cha dalili zao kilishuka kwa karibu asilimia 20. Kundi lilikuwa dogo na halikulinganishwa na jingine, kwa hiyo hatuwezi kusema hekalu linaponya. Ila tunaona upole, utaratibu na kazi nyepesi vinampa mgonjwa nini.

Mfano wa tatu ndio ninaoupendekeza. Huko Unava, Gujarat, kwenye kaburi la Mira Datar, mwaka 2008 ulianzishwa mpango unaoitwa Dava na Dua, maneno ambayo msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa. Kliniki ya magonjwa ya akili iliwekwa pale pale kwenye eneo la ziara. Wahudumu wa kaburi, ambao familia huwaendea kwanza, walifundishwa kutambua dalili na kumwelekeza mgonjwa kwa daktari. Mgonjwa anaombewa, anaonwa na daktari, anapewa dawa, anarudi kwenye dua yake. Hakuna anayelazimishwa kuchagua.

Ukitaka kumpeleka mtu wako mahali pa maombi, popote pawe, uliza maswali matatu kabla hujamwacha hapo. Kuna anayefungwa, kupigwa au kunyimwa chakula? Ndugu anaruhusiwa kulala naye? Ataendelea kumeza dawa zake? Jibu moja likiwa baya, mrudishe nyumbani.

Familia ni sehemu ya tiba

Miaka ya 1950, hospitali ya akili ya Amritsar ilikuwa na wagonjwa wengi kuliko uwezo wake. Mkuu wake, Vidya Sagar, alipiga mahema kwenye uwanja wa hospitali na kuwaita ndugu waje kukaa na wagonjwa wao. Aliketi na familia, akazungumza nazo kuhusu ugonjwa kwa kutumia visa na mafundisho waliyoyajua. Hospitali ya Vellore nayo ikafuata njia ya kuwakaribisha ndugu. Watu waliokuwa wakija kumtupa mgonjwa wakaondoka wakijua kumtunza.

Ukienda kliniki, basi, usibaki nje kwenye benchi. Mgonjwa akikubali, ingia naye. Uliza jina la ugonjwa, jina la dawa, madhara ya kutazamia, na dalili za kuonyesha kuwa ugonjwa unarudi. Nyumbani, mpunguzieni maneno makali. Ugomvi na lawama za kila siku humrudisha mgonjwa hospitali. Na mtunzaji apumzike. Gawaneni zamu, ili mama mmoja asibebe miaka kumi peke yake.

Ukiamua kwenda India

Wagonjwa kutoka Afrika Mashariki huenda India kila mwaka. Ukienda kwa ugonjwa wa akili, jua haki za mgonjwa. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2017, iliyoanza kutumika mwaka 2018, inakataza minyororo, inakataza tiba ya umeme bila dawa ya usingizi, na inampa mtu haki ya kuandika mapema namna anavyotaka kutibiwa na nani amsemee akishindwa. Aliyejaribu kujiua huchukuliwa kuwa alikuwa katika msongo mkubwa, na sheria inataka ahudumiwe badala ya kuadhibiwa.

Kabla hujarudi, omba ripoti iliyoandikwa kwa Kiingereza, yenye jina halisi la kila dawa na kipimo chake, mbali na jina la biashara. Hakikisha dawa hizo zinapatikana kwenu na mnazimudu. Tafuta daktari wa nyumbani atakayempokea, na umpe ripoti wiki hiyo hiyo ya kurudi. Matibabu ya akili ni ya miezi na miaka. Safari ya wiki mbili bila mfuatiliaji ni fedha iliyopotea.

Yapo mambo yasiyongoja yoga wala ziara. Anayesema anataka kufa au kujidhuru, anayeamriwa na sauti amdhuru mtu, asiyelala siku kadhaa huku ana nguvu za ajabu, anayekataa kula na kunywa, aliyechanganyikiwa ghafla akiwa na homa au degedege: mpeleke hospitali leo, usimwache peke yake njiani, na ondoa karibu naye sumu, kamba na vitu vyenye makali. Akishatulia, mwalimu wake na aje, shehe wake na aje, na daftari la siku lifunguliwe ukurasa mpya. Dawa zake ziwe mezani, zihesabiwe kila jioni, na asiziache mpaka aliyeziandika aseme.